Siku Hadada Walipochelewesha Harusi

Kuhusu siasa, kanisa na bei ya samaki, Henriette alikuwa na maoni kama watu wengine. Kuhusu besiboli alikuwa na hukumu. Mteja aliyeketi kwenye kiti chake pale saluni, Barabara ya Umbilo, alitoka na nywele safi na masikio yaliyochoka. Alikwisha kuambiwa kwamba timu ya Mamba wa Kloof inasifiwa kwa ajili ya viatu tu, hakuna kingine. Alikwisha kuambiwa kwamba kocha wa Hadada wa Umbilo hana akili, maana anampanga yule mnene, Hardy, kupiga gongo wa kwanza, mtu ambaye hajawahi kukimbilia kitu kisichopikwa. Na alikwisha kuapiwa kwamba mwaka huu, mvua inyeshe jua liwake, Hadada wanaingia mtoano.

Timu ilikuwa imechukua jina la yule ndege wa mdomo mrefu anayeamsha Durban nzima alfajiri, na kwa miaka mingi kelele ndiyo sifa pekee waliyokuwa nayo. Uwanja wao unatazamana na saluni, barabara tu katikati. Henriette aliufahamu mchezo wao Jumamosi moja mpira ulipoingia dirishani na kutua ndani ya karai la maji ya kusuuzia nywele, mteja akalowa hadi kiunoni. Alivuka barabara na ule mpira mkononi, akiwa na matusi ya Uvira, kwao Kongo, yaliyopangwa vizuri mdomoni. Wakamwomba aketi kidogo, awamu iishe. Aliketi, na kwa namna fulani hajasimama mpaka leo.

Alichopenda ni kwamba mchezo hauna saa. Kwenye mpira wa miguu, refa hutazama mkono wake kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Besiboli inaisha ikiisha. Kila upande unapiga gongo awamu tisa, na kama hawajazidiana, wanaongeza nyingine, na nyingine, mpaka mmoja aanguke. Henriette alisema huo ndio mchezo wa watu wazima.

Tena timu aliiona ni mali yake, kwa sababu ndiye aliyewapatia Arnaud. Arnaud alikuwa Mrundi mpole, fundi wa simu kule soko la Warwick, na jioni alikuja kumngoja Mireille, msichana aliyefanya kazi kiti cha pili hapo saluni. Siku moja mpira ukaangukia kibarazani. Arnaud akauokota kwa mkono wa kushoto, akaurudisha. Ulipita juu ya magari, juu ya uzio, ukaingia kwenye glavu ya mdakaji kwa kishindo, na yule mdakaji akavua glavu akikitazama kiganja chake kama kwamba si chake. Kocha alivuka barabara bila hata kuangalia robot, yaani taa za barabarani. Tangu siku hiyo Arnaud ndiye mrushaji, na tangu siku hiyo Hadada wakaanza kushinda.

Shida ni kwamba tarehe ya harusi ya Arnaud na Mireille ilipangwa Hadada wakiwa mkiani kabisa, wakati hakuna mwenye akili timamu angeweza kuwaza mtoano. Sasa mechi ya mwisho, ile ambayo mshindi wake anaingia mtoano na mwingine anakwenda nyumbani, ikaangukia Jumamosi hiyohiyo. Mechi asubuhi, kanisa saa nane mchana. Muda ulikuwepo wa kutosha, alisema Henriette, na Arnaud alitaka sana kuamini hivyo.

Mireille alisema jambo moja tu. Dada yake mkubwa, Yvette, alisimama mlangoni mwa kanisa kule Uvira akimngoja mwanaume hadi kwaya ikaishiwa nyimbo, na mwanaume hakuja. "Nikifika kanisani nikose Arnaud pale mbele," alisema Mireille, "siulizi mutu. Narudi nyumba." Hakuna aliyecheka, maana walimjua. Ndipo Henriette, ambaye ndiye marraine, yaani mama wa harusi atakayemwingiza bibi harusi kanisani, akajipiga kifua mbele ya ukoo mzima: mwacheni arushe, mimi nitamfikisha.

Jumamosi ikaamka na mvua. Ilinyesha bila aibu hadi jua lilipokuwa karibu utosini, ndipo marefa wakakubali uwanja. Henriette alihesabu saa zilizobaki, akaona mechi haitaisha kabla ya saa nane. Kisha akaikumbuka sheria ambayo kila msusi Mkongomani anaijua: bibi harusi hachelewi. Akiwa bado kwenye kiti cha saluni, harusi haijaanza, na kama haijaanza, bwana harusi hajachelewa. Kazi yake ilikuwa moja, Mireille asiinuke.

Basi akashika mèches, zile nywele za kuongezea, akasuka. Alisuka kwa utaratibu wa ajabu, mgongo wake kwa dirisha, akigeuza shingo kila aliposikia kelele za uwanjani. Alipofika mbele zaidi ya alivyotaka, alifumua kidogo nyuma ya kichwa, mahali ambapo Mireille asingeona, akaanza tena. Mireille alitulia, macho kwenye kioo. Henriette alimwonea huruma mtoto wa watu.

Tantine Gracieuse, mama mdogo wa bibi harusi, alifika kutoka kanisani Cato Manor ndani ya kitenge cha harusi, jasho likimtoka, akasimama mlangoni. "Henriette, muko mpaka wapi? Pasteur Méthode iko anauliza."

"Nywele ni nywele, Tantine. Unataka mtoto aingie kanisani sawa vile mtu mwenye alikimbia moto?"

"Toka asubuhi munasuka kichwa moja. Iko na vichwa ngapi?"

"Ni humidité, Tantine. Mvua ya leo inaharibu mèches."

Gracieuse aliguna kwa namna ambayo Henriette alijua angeisikia tena siku nyingine, akarudi kanisani kuwatuliza watu.

Awamu ya tisa ikaisha, hakuna mshindi. Ya kumi vilevile. Henriette alikuwa na furaha na hofu kwa pamoja, na ukweli usemwe, furaha ilikuwa imeshika nafasi kubwa. Ilipofika ya kumi na moja, Mamba walikuwa na mtu kituo cha tatu, hatua chache tu kutoka kituo cha nyumbani, ambako akifika wanapata pointi, na mpigaji wao mwenye mikono mirefu akasogea. Arnaud alikwisha kumkosesha mara mbili. Akimkosesha ya tatu, zamu ya Mamba imekwisha. Mpira ukipigwa, yule wa kituo cha tatu anaingia. Mikono ya Henriette ilisimama ndani ya nywele.

"Amurushie chini," alisema Mireille, kichwa hakikutikisika. "Ya juu, ule mutu anaipendaka sana."

Henriette alidhani ni redio. "Unasema nini?"

"Yaya," alisema Mireille, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, "toka mbele ya saa nane unafumua tresse moja pale nyuma. Unafikiri hii kichwa ni ya nani?"

Henriette alitazama kioo, na kwa mara ya kwanza akaona kile ambacho Mireille alikuwa akikiona tangu aanze kazi hapo. Nyuma ya sura zao mbili kulikuwa na dirisha, na ndani ya dirisha uwanja wote, uzio, vituo, ubao wa pointi.

"Kwa kioo wanakimbiaka kinyume," alisema Mireille, "na Arnaud anarushaka na mukono wa kuume. Lakini mchezo ni uleule. Nimejifunzia hapa."

"Ngoja nikugeuze uone vizuri."

"Usinigeuze. Nikiona upande wa kweli nitachanganyikiwa."

"Na ile kiapo yako?"

"Nilisema nikifika kanisani. Sijafika, yaya."

Arnaud akarusha chini. Gongo likapiga hewa. Mamba wakatoka, na wanawake wawili ndani ya saluni wakashikana mikono kwa nguvu hadi kitana kikavunjika.

Sasa zamu ya Hadada, na wa kwanza kupiga, Mungu atusaidie, alikuwa Hardy. Henriette alifunika macho. Alisikia mlio mkavu, kisha kimya, kisha bati la saluni likalia kwa kishindo juu ya vichwa vyao. Mpira ulikuwa umevuka uzio na barabara. Kwa sheria ya besiboli, mpira ukivuka hivyo mpigaji anazunguka vituo vyote taratibu bila kusumbuliwa, na Hardy alizunguka kama mtu anayetoka karamuni. Pointi hiyo moja ilitosha, Hadada walikuwa ndani ya mtoano.

Henriette alitoka kibarazani akipiga vigelegele, taxi zikimjibu kwa honi. "Nilisema siku zote," aliwaambia wapita njia, "yule apige wa kwanza. Kocha alinisikiliza."

"Yaya," aliita Mireille kutoka ndani, "mimi niko hapa."

Kule ng'ambo Arnaud alikuwa tayari anapanda taxi, suti mkononi, jezi mwilini. Henriette alirudi ndani mbio, akaona kichwa alichokifanyia kazi siku nzima. Upande mmoja ulikuwa wa malkia, upande mwingine haujaguswa. Akashika mèches.

"Nitafanya haraka, mama. Nitafanya haraka sana."

"Hapana. Suka muzuri."

Alikuwa hajamaliza nusu ya nusu simu ilipolia. Alikuwa Tantine Gracieuse, na sauti yake ilijaa chumba. "Arnaud iko hapa, pale mbele. Suti ni sawa, viatu ni matope tu. Mulango ukifunguka, anageuka. Kwaya wamekwisha kuimba nyimbo zao zote, wanaanza tena, na yeye amekataa kukaa. Anauliza munafika saa ngapi."

Mireille alijitazama kwenye kioo. Machozi yalimtoka, akayaacha yashuke, akacheka nayo vilevile. Kisha akaichukua simu.

"Mumuambie asubiri, Tantine," alisema. "Tungali kwa awamu ya ziada."