Bafta ya Bibi Kalunde

"Usinitajie mkosi mimi, fundi! Mkosi ni mtoto wa surua kulazwa kwenye gunia la katani kama karanga!"

Febronia alikuwa amesimama katikati ya njia, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukimnyooshea kidole Idrissa, fundi cherehani, aliyeketi barazani kwa Mhindi mwenye duka. Mguu wa Idrissa ulikuwa juu ya pedeli, lakini chini ya sindano hapakuwa na kitu.

"Mama Bonifasi, shusha sauti. Mama yangu amelala hapo nyuma."

"Na aamke! Aamke asikie alivyozaa mchoyo. Mkwe wangu Dina ameiona ile nguo kwa macho yake. Alikuja kwako kuomba moto, akaikuta imetandazwa juu ya kamba, nyeupe pee, kubwa, ingefunika altare ya padri. Halafu wewe unatuambia Kintinku nzima hakuna nguo!"

"Ile si nguo. Ile bafta ni sanda. Mama aliinunua mwenyewe kabla ya vita, akaiweka. Umesikia wapi mtu aliye hai akaviringishwa sanda? Unataka nimwitie mauti mjukuu wako?"

"Nataka kipande! Cha kumfunika mgongo na tumbo, basi. Ngozi yote imechubuka. Akigeuka analia, asipogeuka analia."

Watu walikwisha jaa. Philipo, mfagiaji wa stesheni, ambaye hakuna ugomvi uliowahi kumpita, aliegemea ufagio wake akasema, "Mkatie upande mmoja tu, fundi. Bibi atakwenda ahera na kaptula!"

Kicheko kikapasuka mpaka Mhindi akachungulia dirishani. Hata mdomo wa Febronia ulitaka kucheza, akauzuia. Idrissa peke yake hakucheka. Aliushika mkasi uliokuwa juu ya meza, akaufungua, akaufunga, akaurudisha mahali pake.

"Sikati," akasema.

Febronia alishusha kidole. Alimtazama kama mtu anayetazama mlango wa nyumba aliyohama.

"Haya, fundi. Ilinde."

Ulikuwa mwaka wa tano wa vita vya Wazungu, na mvua nayo ilikuwa imepita mbali na Ugogo. Vita vyenyewe vilipiganwa huko ng'ambo, mahali penye majina yasiyokaa mdomoni, lakini Kintinku vilifika kwa treni kama abiria mwingine yeyote. Vilipanda na ng'ombe, vikapanda na vijana, vikashusha magazeti. Kwanza yakapotea mafuta ya taa. Ikafuata sukari, kikafuata kiberiti, mpaka moto ukawa kitu cha kuazimana: jioni ungewaona wanawake wakipita na vigae mkononi, nyumba hadi nyumba, wakiomba kaa moja. Mwisho ikapotea nguo. Mhindi alinyoosha mikono mitupu: marekani hakuna, kaniki hakuna, vyote wamevaa askari. Wazee wakarudia ngozi zao za zamani bila kulalamika sana. Waliolalamika ni vijana, na wafu, kama wangeweza, kwa sababu nao walizikwa kwa ngozi, na mwenye kukosa ngozi akazikwa kwa gunia.

Idrissa alikuwa amekwisha kuwa fundi wa kupindua. Kola iliyochakaa aliifumua akaigeuza, upande wa ndani ukatoka nje kuonekana na watu. Suruali ya baba aliipunguza ikawa ya mwana. Nyuma yake, kwenye misumari, vilining'inia vipimo alivyokata katika magazeti ya zamani: mikono ya mashati, migongo, mabega, vyote vimejaa mizinga na meli za vita, vikipepea kila treni ilipopita. Kimoja kilikuwa kidogo kuliko vyote. Lilikuwa gauni la ubatizo, alilolikata wakati Dina, mkwe wa Febronia, angali na mimba. Kifuani palikuwa na picha ya jenerali fulani anayecheka. Gauni lilingoja kitambaa, kitambaa hakikuja, na mtoto akabatizwa Elina ndani ya kanga kuukuu ya bibi yake. Kanga yenyewe sasa ilikuwa imebaki nyuzi.

Baba wa Elina, Bonifasi, alikuwa Burma. Hakupata kumwona mwanawe.

Habari za Burma zilikuja na gazeti, na gazeti lilikuwa la Idrissa. Karani wa stesheni alikuwa akimpa nakala yake kila Ijumaa treni ilipoishusha, naye, aliyekuwa ameonja shule kidogo huko Tabora, alilisomea watu barazani. Kusoma kwake hakukuwa kusoma tu. Mzinga ulipolia gazetini, yeye alilia "puuu!" mpaka kuku wakatimka. Ndege ya vita aliizungusha kwa mkono juu ya vichwa vya watoto. Akikuta habari ya kushindwa aliiruka kama mtu anavyoruka dimbwi, akatua kwenye ushindi. Watu walimpenda, naye alipenda kupendwa. Fundi asiye na kitambaa hufanya nini tena na baraza lake? Febronia alikuwa wa kwanza kufika siku zote. Likitajwa Burma, alinyoosha shingo, kana kwamba nyuma ya karatasi ile angemwona mwanawe akipita.

Ugomvi ule wa barazani haujapoa, Elina akafa.

Idrissa alisikia ukelele akiwa katikati ya kufumua kola. Alijua ni nyumba gani. Alikaa na ule uzi mdomoni mpaka ukelele ukajibiwa na nyumba nyingine, na nyingine, ndipo akainuka akaenda nyumbani kwake nyuma ya duka. Mama yake alikuwa ameketi mkekani, uso ameuelekeza ukutani, macho yake meupe kwa mtoto wa jicho. Hakumuuliza kilio ni cha nani. Idrissa aliona heri. Alifungua sanduku polepole ili lisilie, harufu ya kafuri ikamjia, akaitoa bafta. Aliuchukua mkasi. Akaupima mkononi. Akauacha.

Aliipeleka nzima. Febronia aliipokea, akampa Dina, na Dina akamviringisha mwanawe, akamzungusha, akamzungusha tena, maana nguo ilikuwa ya mtu mzima na mtoto alikuwa wa miezi. Mpaka bafta inakwisha, Elina alikuwa amenenepa kuliko alivyowahi kuwa siku zake zote. Alikuwa laini, mweupe, hana kona. Mwanamke mmoja pale ndani akasema taratibu, "Laiti angelala hivi juzi." Hakumsema mtu. Idrissa alitoka nje akavaa viatu vyake, kimoja mguu usio wake, akaenda navyo hivyo hivyo mpaka makaburini.

Shida ilikuwa Ijumaa.

Bibi Kalunde, mama yake, alikuwa wa Unyanyembe. Usichana wake wote alisokota pamba kwa vidole kwa mfumaji wa kwao, na tangu macho yazibe, alichobakiza duniani ni vidole hivyo. Alichoogopa duniani pia kilikuwa kimoja: kuingia kaburini ndani ya ngozi kama ng'ombe. Kwa hiyo kila Ijumaa alasiri alisema, "Niletee," na Idrissa alimwekea bafta mapajani. Aliipapasa uzi kwa uzi, pindo hata pindo, kisha akasema, "Ipo." Usiku wake alilala vizuri.

Idrissa alikuwa na nguo moja nyeupe, kanzu yake ya msikitini. Aliifumua. Mikono, makwapa, shingo, akachomoa kila uzi kwa sindano kama anayemtoa mtu miiba. Akaifua, akaipiga pasi ya mkaa, akaviunga vipande kwa mshono mwembamba kuliko wote aliowahi kushona, akaifunga na ile kafuri sandukuni.

Ijumaa hiyo hakwenda msikitini. Treni ikaja, gazeti likaja, baraza likajaa. Akasoma.

"Fundi," Philipo akasema, "mbona leo mizinga imelowa?"

Watu wakacheka. Idrissa akaendelea na sauti ile ile kavu. Kulikuwa na mji umetekwa, mto umevukwa. Akafungua ukurasa wa pili, na kwa kuwa siku hiyo hakuwa na nguvu ya kuruka chochote, akasoma kila kilichokuwa mbele yake.

"'Askari wetu walioko ng'ambo wasiwe na wasiwasi,'" akasoma. "'Wake zao, watoto wao na wazee wao hawajambo. Wanakula vizuri na wanavaa vizuri, nao wanafurahi kutoa walicho nacho kwa ajili ya ushindi.'"

Mtu alikohoa. Mzee mmoja aliyejifunika ngozi ya mbuzi aliitazama ngozi yake, akaivuta kidogo begani.

"Soma tena hapo," akasema Febronia. Alikuwa amesimama nyuma, si mahali pake pa siku zote, na Idrissa hakuwa amemwona.

"Mama Bonifasi..."

"Soma, fundi. Wewe si ndiye msomaji?"

Akasoma tena.

"Na Bonifasi huko aliko, gazeti hili analiona?"

"Labda. Husemwa wanapelekewa."

"Basi anajua mwanawe amevaa," Febronia akasema. Alisema bila ukali, kama anayeyapanga maneno yakae. Kisha macho yake yakapanda ukutani, kwenye kile kigauni cha karatasi chenye jenerali kifuani, yakatua hapo. Akajifunga vizuri gunia lake kiunoni, akaenda zake. Hakuna aliyeomba kurasa zilizobaki. Philipo alifagia mahali palipokuwa safi, akaondoka naye.

Jua lilipoinama Idrissa aliingia nyumbani. Chungu cha mlenda kilikuwa jikoni, na kipande cha ugali wa uwele kimefunikwa kwa kawa.

"Leo umechelewa," akasema Bibi Kalunde. "Niletee."

Akamwekea mapajani. Vile vidole vikaanza safari, polepole, kwenye pindo. Vikaenda. Vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikapita tena.

"Hapa pana matundu ya sindano."

Idrissa alifunga sanduku.

"Sanda haishonwi hivi, mwanangu. Na hapa..." akakunja ncha moja, akainusa. "Kafuri ni yangu. Chini yake kuna jasho lako. Hapa palikuwa kwapa."

"Ndiyo, mama."

"Ni kanzu yako."

"Ndiyo."

"Na wewe Ijumaa ijayo utaswali na nini?" Hakungoja jibu. "Nani amekwenda na yangu?"

"Mjukuu wa Mama Bonifasi. Yule wa Dina."

"Ilimtosha?"

"Ilimzidi."

Bibi Kalunde akatikisa kichwa. Idrissa akapiga magoti pale mkekani, mtu mzima mwenye mvi, akasema aliyokuwa ameyabeba tangu makaburini: "Waliniomba angali hai, mama. Kipande tu. Nikawanyima. Niliogopa kumwitia mauti."

"Najua. Nilisikia."

"Ulikuwa umelala."

"Nani analala Febronia akipiga kelele? Nilisikia yote, mpaka ile kaptula." Uso wake ulikunjuka kidogo, ukajikunja tena. "Nikasema moyoni, akiingia akiniuliza, nitamwambia akate. Nguo ni yangu, si yake. Nikakaa nikakungoja."

"Sikuja."

"Hukuja." Vidole vyake vilikuwa vimeikuta ile sehemu ya kwapa, vikienda na kurudi. "Na mimi, Idrissa, nikamshukuru Mungu kwamba hukuja."

Nje mbuzi wa mtu alilia, akaitwa, akanyamaza.

Kisha Bibi Kalunde akainua kichwa. "Nani amesimama uani asiyepiga hodi?"

Idrissa akatazama. Kwenye mwanya wa ua, kigae mkononi, alikuwa Febronia. Tangu ugomvi ule nyumba yake ilikuwa ikifuata moto kwa mbali, ng'ambo ya reli.

"Ni mimi, Bibi," akasema. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata moto?"

"Moto tu, Bibi. Huko ng'ambo kote umezimika."

"Moto upo, hauendi popote." Mwanamke kipofu alikunja ile kanzu isiyo kanzu tena, akaisogeza kando, akapapasa mkeka kuonyesha nafasi. "Idrissa, mpe Mama Bonifasi maji anawe."

Idrissa akachota maji kwa kata, akatoka nayo mpaka kizingitini, akasimama ameinyoosha mbele. Maji yalidondoka matone matone mavumbini, katikati yao. Febronia alikuwa bado ameshika kigae chake kwa mikono miwili.

"Kiweke chini hapo kigae, Febronia," sauti ya Bibi Kalunde ikaja kutoka ndani. "Ingia. Ingia tule."