Kasoro Tatu za Mtumbwi

Mtumbwi wa Eustaki ulikuwa tayari, tena mzuri, lakini kwa mafundi wa Mto Kilombero uzuri haukumfanya mtu fundi. Mwanagenzi akimaliza kuchonga mtumbwi wake wa kwanza, mafundi wazee watatu waliupanda pamoja naye, wakavuka mto, na kila mmoja akamtajia kasoro moja bila kumwonea haya. Akizirekebisha zote, alikabidhiwa tezo ya kuchongea na kuhesabiwa mwenzao. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yao, na huruma haikuwamo.

Sasa wazee wenyewe wako wapi? Liheta alipigwa risasi na askari wa Wajerumani, mwili bado umelowa maji ya dawa aliyoambiwa yatamkinga. Mponda alitoka vitani mzima, akaja kufa kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa moto. Alibaki Ligombo, ng'ambo ya mto, huko Lupiro. Eustaki akamfuata, roho juu.

"Shikamoo, baba. Nimekuja unipime."

"Marahaba. Nikupime peke yangu?" Mzee alicheka bila furaha.

Hata hivyo alipanda, akaketi mbele, wakavuka. Zile nafasi mbili tupu katikati zilimchoma Eustaki kuliko makaburi.

Walipogusa ukingo, Ligombo alisema, "Mkia mzito. Upunguze."

"Na nyingine, baba?"

"Yangu ni hiyo."

"Liheta angesema nini? Si umefanya naye kazi tangu ujana?"

"Kila mtu alikuwa na jicho lake, mwanangu. Nikikutungia, nitakuwa nimekudanganya."

Akamkabidhi tezo hivyo hivyo, maana hapakuwa na namna. Kabla masika hayajaisha, naye akafariki.

Eustaki akawa fundi, fundi pekee wa bonde lile. Watu waliotoka mafichoni walitaka mitumbwi, akawachongea. Kila mtumbwi alioumaliza aliupapasa mwenyewe kwa vidole akitafuta zile kasoro mbili ambazo Liheta na Mponda wangemtajia, asizione. Sifa za wateja zilimchosha, na upweke ukamkaa kifuani.

Siku moja Brigita, mjane wa Mponda, alikuja kuchukua mtumbwi wake. "Huu hauna hata doa," alisema.

"Tazama vizuri, mama. Nakuomba. Hata moja tu."

Brigita aliuzunguka mtumbwi taratibu, akaugusa huku na huku, machozi yakimlengalenga.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Mume wangu ndiye aliyejua pa kutazama."