Wifi Hashuki

"Mimi sishuki," wifi alisema, akaufunga mkanda upya kana kwamba safari ndiyo kwanza inaanza.

Binti wa mapokezi aliinama dirishani, tabasamu limebandikwa usoni kama stika. Kwa upole wa kukariri alieleza kwamba mteja haruhusiwi kuvuka mstari wa njano. Gari huingia peke yake, mlango wa karakana unateremshwa, mteja anakaa kwenye viti vya bluu, anakunywa maji ya baridi, anasubiri. Ndio utaratibu.

Mama Chuma, mikono miwili kwenye usukani, aliutazama ule mstari mbele ya boneti. Aliujua. Kutoka kwenye viti vya bluu alikuwa ameutazama hadi akajua ni wapi rangi yake imebanduka.

Jina la Mama Chuma alipewa stendi ya teksi, enzi za gari la marehemu mumewe, gari la petroli, mabati mazito, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Likizima, unafungua boneti, unalitukana, unagonga hapa, unapuliza pale, linawaka. Ubovu wake ulionekana kwa macho. Kisha wakaja watu wa kampuni ya magari na maputo na spika kubwa. Wakapanda jukwaa la mbao katikati ya stendi, na mmoja mwenye viatu vyeupe akashika kipaza sauti: "Gari hili la umeme halijui gereji." Madereva wakapiga makofi. Wengi wao siku hiyo wameshaisahau. Mama Chuma alikumbuka hadi soli za vile viatu. Alikiuza chuma cha mumewe, na wenzake wakauza vya kwao, stendi nzima ikageuka magari ya namna moja, kimya kama paka.

Kimya, hadi yafike mlimani.

Kwenye mlima wa kwenda hospitali, gari lilikuwa na tabia yake. Kioo cha dashibodi kinageuka chekundu, kengele inalia, nguvu zinakatika, magurudumu yanajifunga kabisa. Hata kulisukuma pembeni huwezi. Unapiga simu kituo cha huduma, unasikilizishwa muziki wa filimbi mpaka sikio linapata moto, halafu linakuja lori la kuvuta. Gari likishashushwa uani kwao, kwenye sakafu tambarare yenye marumaru, linawaka vizuri kama mtoto aliyeona wageni. Wanaliunganisha na kompyuta. Jibu huwa lile lile: hatujaona hitilafu.

Kisha wanaliosha.

Hilo ndilo lililomkereketa kuliko yote. Kila liliporudishwa lilikuwa linang'aa, magurudumu yamepakwa mafuta, na kikadi kipya cha manukato kimetundikwa kwenye kioo cha ndani. Hakukitupa hata kimoja. Vilining'inia pale shada zima, vinanuka limau lililochacha, na kila abiria aliyeuliza ni vya nini aliambiwa: hayo ndiyo matengenezo yangu.

Wiki iliyopita lilizima wifi akiwa ndani. Wifi, dada wa marehemu, figo zake zilikuwa zimechoka, na siku zake za kulazwa kwenye mashine ya kusafisha damu hazirukwi. Walipofika, mashine ilikuwa imeshapewa mwingine. Akarudishwa nyumbani na maji yake mwilini. Uso ulimvimba, viatu vikamkataa, akalala ameketi, akihema kama mtu aliyepanda ngazi za ghorofa. Mama Chuma alikaa naye akimpepea kwa gazeti, na hasira iliyokuwa kifuani mwake haikuwa na pa kwenda. Gari lilikuwa karakana, linaoshwa.

Leo tena ilikuwa siku ya mashine. Asubuhi gari lilizima kwenye mwinuko mdogo tu wa sokoni, likawaka tena lilipopenda. Ndiyo maana walipitia hapa kwanza. Na kabla ya kutoka nyumbani, wifi alikuwa ameamua jambo lake bila kumshirikisha mtu.

"Bibi, tafadhali," binti alisema. "Gari haliwezi kuingia na mtu ndani."

"Basi lisiingie. Mimi nataka fundi apande, twende naye mlimani, akalione linavyokufa."

"Mafundi hawatoki nje ya geti."

"Na mimi sitoki nje ya gari. Tumelingana."

Nyuma yao foleni ilikuwa imeanza kurefuka. Muuza maziwa aliyekuwa na kigari cha umeme cha kusambazia alipiga honi, kisha alipoelezwa kinachoendelea akaacha, akashuka, akaegemea ubavu wa gari lake na kukunja mikono kama mtu aliyepata kiti cha mbele. Mwanamke mmoja akatoka kwenye viti vya bluu na glasi yake ya maji. Halafu mwingine. Walisimama tu.

"Umezeekea kwenye viti vile, wifi," sauti ya nyuma ikamwambia Mama Chuma. "Kaka yangu angefufuka leo angekuta mkewe ni fanicha ya watu."

"Kaka yako angekuwa hai ningemwachia yeye akubebe mgongoni."

"Angeniangusha. Nyie wote wawili mikono yenu ni ya siagi."

Msimamizi wa karakana alitoka, akaitazama foleni, akawatazama wale waliosimama na glasi zao, akamnong'oneza fundi mwenye ndevu. Fundi akaja akiburuta miguu, kompyuta ndogo kwapani. Akakaa kiti cha mbele, akavisogeza vile vikadi vya manukato kwa kidole kimoja ili aone mbele, akamwambia Mama Chuma apande huo mlima, ageuze, warudi, watu wana kazi.

Waliondoka. Njiani fundi alieleza kwamba kompyuta haidanganyi, kwamba kungekuwa na kosa lingeonekana, kwamba madereva waliotoka kwenye petroli huwa wana mguu mzito. Mama Chuma alimwacha aseme. Walipoanza mlima akakaza meno.

Kona ya kwanza wakaimeza. Ya pili pia. Gari lilipanda laini, bila sauti, kama linajua nani yumo.

"Mnaona, mama zangu," fundi alisema, akifungua mkono kuelekea barabarani. "Shida si gari. Ni hofu. Unakanyaga kwa hofu."

Masikio ya Mama Chuma yalipata moto. Alijiona tena kwenye kiti cha bluu, akiambiwa hatujaona hitilafu, akiitikia kwa kichwa kama mjinga. Zima, akaliambia gari moyoni. Zima sasa hivi, mbele ya huyu. Kisha akainua macho kwenye kioo, na kati ya vile vikadi akaona uso wa wifi, ngozi imevutika chini ya macho, midomo imepauka. Usizime, akaliambia. Nakuomba. Zima kesho. Alilisihi hivyo mita hadi mita, asijue tena anaomba lipi.

Kioo cha dashibodi kikageuka chekundu.

Kengele ikalia. Gari likatikisika, likasimama palepale katikati ya mwinuko, magurudumu yakajifunga. Fundi alibonyeza swichi. Akabonyeza tena. Akaichomeka kompyuta yake, ikafikiri, ikaandika kitu ambacho hakukisoma kwa sauti. Magari mengine yalipita yakipiga honi, na hakuna lililosimama.

Mama Chuma alikuwa ameisubiri saa hii kwa muda mrefu. Alikuwa hata ameyapanga maneno yake, makali, moja baada ya jingine. Badala yake alishuka, akaenda kumfungulia wifi mlango.

Fundi alikuwa na simu sikioni. Aliiondoa, akaitazama, akairudisha.

"Huu muziki unaisha saa ngapi?" akauliza.

"Hauishi," Mama Chuma alisema. "Unarudi mwanzo."

Wifi aliweka miguu chini, mmoja kwanza, halafu mwingine, nyama ya kifundo imefurika juu ya kandambili. Kule juu, paa la hospitali lilionekana nyuma ya nguzo za umeme. Akashika bega la Mama Chuma. Kisha akamtazama fundi, akamnyooshea mfuko wake wenye blanketi na chupa.

"Mwanangu, kwa kuwa umetoka getini, beba."

Alibeba. Alijaribu kuishika simu kwa bega, ikamshinda, akaitia mfuko wa shati, spika ikiwa wazi. Wakaanza kupanda, wifi katikati, wakisimama kila alipohitaji pumzi. Nyuma yao gari lilibaki limepooza katikati ya barabara, safi, linang'aa juani. Filimbi ilipanda nao kutoka mfukoni mwa fundi, ikafika mwisho, sauti ya mwanamke ikawashukuru kwa uvumilivu, ikaanza upya. Na wifi, akiwa na pumzi kidogo tu ya kuazima, akaifuatisha kwa pua, bila kukosea hata pale inapopinda.