Saa ya Kusoma kwa Kidole

Kasha la tatu lilirudi mezani kwa Kitinda likiwa limefungwa ndani ya leso, na hakuhitaji kuifungua leso ili ajue kwamba limekataliwa. Baba yake alikuwa na namna yake ya kukataa kitu. Alikifunga vizuri, akakiweka mbele yako taratibu, kisha akavuta kiti na kukaa kama daktari aliyekuja na habari mbaya.

"Haya, baba. Leo lina nini?"

"Halina kitu. Kazi nzuri. Ila linalia."

"Linalia?"

"Ukilifungua linasema ta! Kama mlango wa kabati. Nikilifungua mbele za watu, wote watageuka."

Kitinda aliweka tupa mezani kabla hajaitupa ukutani. Ule mlio wa ta ndio aliouhangaikia kwa juma zima, akiamini mzee ataufurahia kwa kuwa unamwambia kwamba kasha limejifunga sawasawa. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine.

Jina la Kitinda alipewa kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, na lilimng'ang'ania hata sasa ana karakana yake mwenyewe. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la madaftari, chenye mashine ya kukereza, meza mbili, na dirisha lililozibwa kwa nailoni kuzuia vumbi. Humo alichonga makasha ya saa, yaani lile ganda la chuma linalobeba mashine, uso na kioo. Kazi hiyo aliidokoa kwa baba. Mzee alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha saa, chumba cha vioo, na kwa mambo ya kukalisha kioo kwenye kasha hakuna aliyemfikia. Ndiyo maana ilimuuma sana binti yake alipogundua kwamba haoni.

Aligundua siku alipomkuta mzee akilisalimia koti la kazi lililotundikwa ukutani. Alilisalimia kwa heshima zote, akaliuliza habari za nyumbani, akasimama kulingoja lijibu.

Si kwamba alikuwa gizani kabisa. Mwanga aliuona, na kivuli, na kitu kikubwa kikipita. Lakini sura za watu zilikuwa zimemtoroka, na namba za saa zilikwisha kuaga zamani. Haya yote Kitinda angeyameza kama si pikapu. Mzee bado alikuwa anaendesha! Kila mchana alikuja karakanani na pikapu yake, mama ameketi pembeni, akaiegesha kwa ustadi wa kuudhi, akaingia huku akizungusha funguo kidoleni kama kijana aliyenunua gari jana. Mama alifuata nyuma kimya kimya, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akajipangusa uso kwa ncha ya mtandio.

Kitinda alimwendea kaka mkubwa, ambaye ndiye mwenye kauli nyumbani. Kama kuna wa kumnyang'anya mzee funguo, ni yeye. Kaka mkubwa alicheka.

"Mzee anaona, bwana. Juzi kanisifia shati."

"Mama ndiye aliyemwambia umevaa shati jipya!"

"Na wewe nawe, unapenda kukuza mambo."

Basi akamkabili mzee mwenyewe. Alimwonyesha saa ya ukutani, kubwa kama sinia, akamtaka aisome. Mzee hakuigeukia hata kwa adabu.

"Saa ni kidude kidogo, mwanangu," alisema. "Barabara ni pana. Barabara naiona."

Mtu kama huyo utamjibu nini? Kitinda alimjibu siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima, mpaka mzee mwenyewe akachoka akamwekea sharti. "Nitengenezee saa nitakayoisoma mwenyewe, nisimuulize mtu, na mtu asijue naisomaje. Siku hiyo funguo nazitoa. Nazitoa mbele ya kaka yako." Labda alisema hivyo kwa kuwa alidhani haiwezekani. Labda kweli alichoka kuuliza saa kila dakika kama mtoto aliye safarini. Vyovyote vile, Kitinda alimshika neno lake.

Kasha la kwanza lilikuwa jepesi kufikiria. Aliondoa kioo, akaweka mishale minene isiyopindika kirahisi, akachomekea vidoti vya shaba mahali pa namba ili kidole kivihesabu. Mzee alilipapasa mara moja akalirudisha.

"Hii ni sahani. Saa bila kioo ni sahani. Kesho itajaa vumbi, keshokutwa itasimama."

La pili likapata kioo, kilichofungwa kwenye pete ya chuma yenye bawaba, ili pete ifunguke kama kifuniko na kidole kiingie. Mzee alililaza sikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kioo bapa, alisema, na mishale minene, mishale itakwaruza kioo kwa chini. Kitinda alibisha. Akabisha kwa kipimo mkononi, kwa hesabu na kwa sauti ya juu, kisha akalifungua kasha na kukuta mkwaruzo mwembamba wa duara, pale pale aliposema mzee. Kukosea hakukumuudhi. Kilichomuudhi ni kile kicheko kidogo cha puani.

Na sasa la tatu linalia.

"Basi la nne halitalia," alisema. "Na likiwa tayari, baba, nataka funguo. Sitaki hadithi."

"Mimi ni mtu wa hadithi?" aliuliza mzee, na mama pale mlangoni akakohoa.

Kitinda aliitoa ile springi iliyokuwa inalia. Badala yake alikereza ukingo wa pete taratibu, akaupitishia msasa laini, akajaribu, akaupitishia tena, mpaka pete ikawa inashuka mahali pake kwa kusuguana tu, kama kifuniko cha kopo la chai. Upande mmoja aliacha kijipengo cha kutosha ukucha. Kioo alikiagiza kwa mkata vioo wa mtaa wa pili, na safari hii alitaka kilichobinuka, ili mishale ipate nafasi. Alinunua viwili, maana alijijua.

Kukalisha kioo ni kazi ya kumpandisha mtu presha. Kioo hukatwa kikubwa kidogo kuliko tundu lake, tofauti ya unywele, na kati yake na chuma huwekwa pete nyembamba ya plastiki. Kisha unakishusha kwa mashine ya kubana, wima, bila haraka. Kikiinama kidogo tu unasikia kamlio kadogo, na ukingo umemegeka. Cha kwanza kilimegeka. Kitinda alitoka nje, akazunguka jengo huku akiisema nafsi yake, akarudi, akakishusha cha pili bila hata kupumua. Kikakaa.

Ilibaki plastiki ya juu. Vioo vipya huja vimebandikwa plastiki ya buluu kuzuia mikwaruzo wakati wa kazi, nzito, isiyoonyesha kitu ng'ambo ya pili, nayo hubanduliwa mwisho kabisa. Kitinda alikuwa ndiyo kwanza anatafuta ncha yake kwa ukucha pale pikapu iliponguruma nje. Mzee aliingia, mama nyuma yake.

"Iko tayari?"

"Ngoja, baba, bado—"

"Bado nini? Kila siku bado!" Akanyoosha mkono, akaipata saa, akaichomoa vidoleni mwa bintiye.

Aliishika kwa kingo. Watu wa vioo hawagusi kioo usoni hata uwaamshe usingizini, kwani kwao alama ya kidole ni matusi. Kwa ukucha alifungua pete, na haikusema kitu. Kidole kikashuka kwenye mishale, kikapita juu ya vidoti, kikasimama. Mzee akatabasamu mpaka Kitinda akasahau alichotaka kusema. Tangu akiwa msichana hakuwahi kumwona baba yake akitabasamu hivyo kwa kazi yake.

Alipokumbuka, kaka mkubwa alikuwa mlangoni. Kitinda alikuwa amemwita tangu asubuhi aje ashuhudie funguo zikitolewa. Mzee alivaa saa upesi, akaivutia mkono wa koti, na humo ndani kidole kikafanya kazi yake bila mtu kukiona.

"Shikamoo, baba. Nasikia umepata saa mpya. Haya, saa ngapi?"

Mzee alivuta mkono wa koti juu. Aliinamisha kichwa, akakunja uso, akasogeza saa karibu kisha mbali kidogo, kama afanyavyo mtu yeyote wa umri wake.

"Saa kumi na robo."

Kaka mkubwa alitazama simu yake. "Saa kumi na robo kamili! Haya, Kitinda, umesikia? Mzee kasoma mwenyewe. Umenitoa kazini, umempotezea mzee raha yake miezi yote hii, ati haoni. Funguo atoe za nini?"

Kitinda ameunda saa nzuri mno. Ameiunda kwa mikono yake, kwa kukesha na kugombana, na sasa hakuna mtu duniani atakayemwamini tena. Na mzee, badala ya kutimiza neno lake, amesimama pale kifua mbele kama bwana harusi! Angeishia hapo angekuwa ameshinda. Lakini mtu wa vioo hawezi kunyamaza penye kioo.

"Tena tazama kioo hiki," alisema, akimpelekea mwanawe mkono hadi puani. "Hakina doa. Kisafi hivi unaweza kudhani hakipo."

Kaka mkubwa alitazama. Kioo kilikuwa cha buluu tupu, kimefunikwa pembe zote. Akamtazama baba, akamtazama Kitinda.

"Ni... ni kizuri, baba," alisema.

Kitinda nusura amrushie mashine ya kubana. Hata sasa! Hata sasa anashindwa kusema! Hasira ilimpanda kichwani, akaushika mkono wa baba yake, akaitafuta ncha ya plastiki na kuibandua yote kwa mvuto mmoja.

Ile sauti ya plastiki ikitoka kwenye kioo mzee alikuwa ameisikia maisha yake yote ya kazi. Hakuna aliyemweleza kitu. Tabasamu likamfutika usoni.

"Ilikuwa juu?"

"Ndiyo, baba."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Na mimi nimesema kisafi."

"Ulisema kama hakipo," alisema kaka mkubwa kwa sauti ndogo.

Mzee alikaa. Kitinda alidhani yamekwisha, akaanza kumwonea huruma, na huruma hiyo haikudumu, kwa kuwa mzee alikaa kidogo tu akasimama tena.

"Sasa ndiyo nini? Saa nimesoma, sikusoma? Plastiki ni plastiki, barabara ni barabara. Mwaka mzima naendesha sijagonga hata kuku!"

"Hujagonga kwa nini, baba?" Kitinda alipaza sauti mpaka mwenye duka la madaftari akagonga ukuta. "Nieleze! Mtu asiyeona plastiki ya buluu puani mwake, hajagonga kwa nini?"

"Kwa sababu yangu," alisema mama.

Wote waligeuka. Mama alikuwa palepale kwenye kiti chake, mtandio mkononi.

"Mimi ndiye ninayemwambia. Kulia kidogo. Punguza. Simama, kuna mtoto. Haya, nenda."

Kaka mkubwa alishika kichwa. "Mama! Wewe hujui hata kuwasha gari!"

"Sijui. Ndiyo maana nafika hapa nimelowa jasho."

Kitinda alijikuta ameketi juu ya kreti ya vyuma. Kumbe miezi yote aliyokuwa akikereza pete na kubishana juu ya bawaba, wazazi wake walikuwa wakikatiza mji, mmoja akiwa usukani, mwingine akiwa macho. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kuwafungia wote wawili chumbani kama watoto. "Mbona hukukataa, mama? Mbona hukutuambia?"

"Nimkatalie baba yenu? Lini nimeweza? Nilikuwa nawangoja nyinyi."

Mzee alikuwa amegeuza uso kuelekea mlangoni. Ubishi wote ulikuwa umemwishia.

"Kumbe ulikuwa unaogopa?" alimuuliza mkewe.

"Kila siku."

"Lakini sauti yako ilikuwa tulivu. Kulia, kushoto, tulivu kabisa. Mimi nikadhani unafurahia matembezi."

"Sauti nilikuwa naitunza kwa ajili ya barabara," alisema mama. "Uso ndio uliokuwa unaogopa."

Mzee alitazama pale sauti ilipotokea, akatazama sana, kama mtu anayetafuta kasoro kwenye kioo na asiione. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akazinyoosha mbele yake ili mke wake azipokee. Alizinyoosha upande ambao hakuwapo mtu. Mama aliinuka, akazifuata huko huko.