Kuanzia, kwa Herufi Ndogo

Duka lile lilikuwa na mashine ya kuchapa bei, lakini meneja hakuipenda. Alisema bei iliyochapwa inaonekana imetoka serikalini, ila iliyoandikwa kwa mkono inaonekana imetoka moyoni. Kwa hiyo mashine ilifunikwa kitambaa ikala vumbi, na mabango yote ya duka, ya masufuria mlangoni na ya mapazia ghorofani, yakaandikwa na mtu mmoja. Wenzake walimwita Kalamu, kwa sababu ya ile kalamu nene ya wino mwekundu aliyoichomeka sikioni asubuhi na kuisahau hapohapo mpaka akaenda nayo bafuni.

Tarakimu za Kalamu zilikuwa zimenona. Tano yake ilikuwa na tumbo, tisa yake ilisimama kama bwana harusi. Lakini sifa yake kubwa haikuwa kwenye tarakimu, ilikuwa kwenye neno moja: kuanzia. Hilo aliliandika juu ya bei, kwenye kona ya kushoto, dogo kama sisimizi aliyepotea njia. Huwezi kusema halipo, maana ukilitafuta utaliona. Ila nani aendaye dukani kutafuta maneno? Mteja aliona sufuria kubwa kwenye picha, akaona bei, akaingia mbio. Ndani akaambiwa bei hiyo ni ya kile kisufuria cha kuchemshia yai. Wengi waliona haya kurudi mikono mitupu, wakanunua kubwa kwa bei yake ya kweli. Meneja aliita jambo hilo biashara. Kalamu hakuliita chochote. Alisema kazi yake ni kuandika, kusoma ni kazi ya mteja.

Nyumbani kwake kulikuwa na vyumba viwili na sebule, na nusu ya sebule ilikuwa ya cherehani ya mkewe, fundi wa nguo. Walibaki wawili tu, kwa kuwa binti yao alikuwa ameshaolewa. Pamoja na uchache huo, Kalamu alikuwa na malalamiko. Kuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na tabia ya kumaliza sukari kisha akarudisha kopo tupu kabatini, limefunikwa vizuri kabisa. Mtu huyohuyo aliacha maji ya kidole kimoja kwenye jagi, ili isisemwe kwamba yeye ndiye aliyeyamaliza, maana anayemaliza ndiye anayejaza. Kalamu alikuwa akiyasema hayo kwa upole wakati wa chai. Mkewe alimtazama juu ya miwani, pini nne mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hajibu.

Mkewe naye alikuwa na lake moja tu, nalo ni neno nakuja. Kila mtu husema nakuja anapoondoka, hilo halina ubaya. Lakini nakuja ya Kalamu haikuwa na kipimo. Ilikuwepo nakuja ya kiberiti, ya dakika tano. Ilikuwepo nakuja ya mpira, ambayo huisha mpira ukiisha na ubishi wa mpira ukiisha. Mwaka mmoja alisema nakuja, akapanda gari na jamaa zake kwenda mazishini mji mwingine, akarudi kesho yake adhuhuri. Chakula cha jana kilikuwa kimemsubiri mezani, kimefunikwa. Alipoulizwa alijibu, "Si nilikwambia nakuja? Na nimekuja."

Basi ikatokea pasi ya mkewe ikaanza kuunguza. Iliunguza sketi ya mteja mmoja, naye akailipa sketi ile kwa fedha yake. Alipokuwa akipita mjini akaona bango kwenye dirisha la duka la mumewe: pasi ya mvuke, bei ya kushangaza. Hakuwa na desturi ya kununua pale. Kalamu mwenyewe alikuwa amemkataza tangu zamani, akisema vitu vya pale si vya kununua, na asieleze zaidi. Lakini pasi ni pasi, na nguo za watu zilikuwa zinasubiri. Alhamisi hiyo, wakati Kalamu yuko ghorofani kwenye mapazia, mkewe alisimama kwenye foleni na pasi mpya mkononi.

Jioni Kalamu alipofika nyumbani alikuta cherehani imefunikwa. Jambo hilo hakulipenda, kwa sababu cherehani ile hufunikwa siku za msiba tu. Mkewe alikuwa amekaa mezani, na mbele yake pana karatasi ya zamani iliyokunjwa mara nne.

"Leo nilikuja dukani kwenu," alisema.

"Dukani? Kufanya nini?"

"Kununua pasi. Nimefika kaunta, binti wa pale akaniambia, mama, bei hiyo ni ya pasi ndogo ya safari. Nikamwambia, bango linasema hivi. Akaniambia, bango linasema kuanzia, mama, soma vizuri. Watu wa nyuma yangu wakacheka. Mmoja akasema wazee wengine wangekuja na wajukuu wa kuwasomea."

Kalamu aliweka mkoba chini. "Ungeniambia tu, ningekuletea—"

"Nikatoka nje nikasimama mbele ya lile bango. Nikalitafuta hilo neno mpaka nikaliona. Ile K nikaijua. Ule mkia unaorudi chini kama unataka kukaa. Naijua tangu nina miaka ishirini na mmoja."

Akaikunjua karatasi. Ilikuwa barua, ya kwanza aliyomwandikia kabla hawajaoana, na wino wake ulikuwa umefifia kidogo tu. Mstari wa mwisho ulisomeka bila taabu: Kuanzia leo mimi ni wako. Herufi zote zilikuwa kubwa na zimelingana, kama watu waliopangwa kwa picha.

"Hapa umeliandika kubwa," mkewe alisema. "Miaka yote hii nilikuwa sijui kwamba huandikwa dogo pia."

Kalamu alikuwa nalo lile la kusoma ni kazi ya mteja, akaliona likipanda kooni, na kwa bahati nzuri akalimeza. Mkewe alichukua mkoba uliokuwa nyuma ya mlango, akavaa viatu, akasema, "Nakuja."

Nasi tunaomjua Kalamu hatutashangaa kusikia kwamba alimwamini. Alisema, "Haya," akaenda kutia chai. Alipofungua kopo la sukari, lilikuwa tupu. Akatikisa kichwa kwa masikitiko juu ya tabia za watu, akanywa chai chungu, akasubiri. Mkewe hakurudi siku hiyo.

Ijumaa alinunua sukari, akajaza kopo. Hesabu ya vijiko vyake hakuwahi kuifanya, naye ni mtu wa vijiko vitano, na kopo lile ni dogo. Jumapili asubuhi alilifungua akakuta pakavu. Aligeuka kwa hasira, mdomo umeshafunguka kusema, akakuta nyuma yake kuna kabati na ukuta. Akalitazama jagi. Lilikuwa na maji ya kidole kimoja.

Alikaa kitini. Aibu ilimshika, ile aibu ya mtu aliyekuwa akitafuta miwani kumbe ameivaa. Alikumbuka miaka yote ya kusema kwa upole. Alikumbuka pini nne. Akajua kuwa mkewe hakuwa akikosa jibu, alikuwa akimhurumia, na kwamba huruma hiyo sasa ilikuwa imeisha kama sukari. Ndipo woga ukamwingia: kwamba nakuja ile huenda ikawa kama zake yeye mwenyewe, isiyo na siku.

Alivaa akaenda kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Alimkuta mkewe ukumbini akishona kola kwa mkono.

"Nimekuja kukuchukua," alisema.

"Si nilikwambia nakuja?"

"Ulisema. Lini?"

Mkewe alikata uzi kwa meno. "Narudi kuanzia kesho."

Kalamu alifurahi kwa muda wa hatua tatu hivi. Hatua ya nne akalisikia lile neno, akasimama. Kuanzia kesho ni kesho, ni keshokutwa, ni mwakani pia. Hakuna mtu mjini pale aliyejua hilo kuliko yeye.

Shemeji yake alimsindikiza hadi nje. "Shemeji, mimi sitii mguu katika mambo yenu," alisema, akiwa ametia yote miwili. "Ila dada amechoka na maneno. Taja siku, taja saa, uje saa hiyo. Usipokuja, usije tena."

"Jumamosi," Kalamu alisema. "Saa nne asubuhi."

Kutoka ukumbini ikasikika sauti ya mkewe: "Tutaona."

Ahadi ni deni, na Kalamu alikuwa ametaja siku bila kufikiri. Jumamosi ile ilikuwa siku ya punguzo la bei dukani, siku ambayo hata anayeumwa jino hapewi ruhusa. Jumatatu alimwomba meneja ruhusa ya saa moja, meneja akacheka. Jumatano akamwomba tena, hakucheka. Ijumaa meneja alimpa karatasi nyeupe na kumwambia aandike bango jipya la pasi ya mvuke, litundikwe kabla mlango haujafunguliwa.

Kalamu alikaa na karatasi ile muda kuliko kawaida. Aliandika bei kwanza, imenona kama kawaida yake. Kisha akaandika lile neno, na mkono wake, ambao ulikuwa umezoea kujikunja pale, ukanyooka. Aliliandika kubwa sawa na bei, K na mkia wake, mpaka mwisho. Bango likawa kama uso wa mtu aliyeamua kusema.

Jumamosi saa tatu na nusu watu walikuwa wamejaa mlangoni, wanasoma, wanaulizana, na kwenye pasi hawaendi. Meneja alitoka nje kuona kuna nini. Alipolitazama bango alikunja uso.

"Kalamu. Hili neno limevimba lini?"

"Jana."

"Litoe. Kaandike lingine, sasa hivi, neno lirudi pale linapokaa."

Kalamu alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika thelathini na tano. Akaitoa kalamu sikioni, akaiweka kaunta mbele ya yule binti, akasema, "Nakuja."

"Usichelewe," meneja akamwambia.

Alifika kwa shemeji yake zimebaki dakika tano. Hakubisha hodi. Alisimama mlangoni anahema, anaitazama saa yake ya mkononi, mpaka ikaonyesha saa nne. Kabla hajainua mkono mlango ulifunguka. Mkewe alikuwa amevaa, na mkoba uko begani.

"Saa nne," mkewe alisema.

"Saa nne."

"Na kazini? Leo si siku ya punguzo? Wamekupa ruhusa?"

Kalamu alitikisa kichwa.

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia nakuja."

Ndani shemeji alipaliwa na chai. Mkewe hakucheka. Alibana midomo kama ana pini, kisha akautoa mkoba begani akautua chini.

"Rudi ukawaambie ukweli," alisema. "Usilopenda nikufanyie, usimfanyie mwenzako. Mimi nitakukuta nyumbani saa nane."

Kalamu alisita. "Saa nane, au kuanzia saa nane?"

"Saa nane."

Dukani meneja alikuwa amesimama palepale, karatasi nyeupe mkononi. "Ulikuwa wapi?"

"Niliposema nakuja nilikuwa naondoka," Kalamu alisema. "Nilikwenda kwa mke wangu. Nimerudi kukwambia hivyo, na kukwambia kwamba lile neno sitaliandika dogo tena. Nikiandika, nitaandika la kuonekana."

Binti wa kaunta aliacha kupokea fedha. Meneja alimtazama Kalamu, akalitazama bango, akaenda nyuma ya duka. Aliporudi alikuwa ameibeba mashine ya kuchapa bei, na vumbi limemjaa kifuani.

"Mashine haigombani na mkewe," alisema. "Jumatatu nenda stoo, ukapange maboksi. Leo nenda nyumbani."

Mshahara wa stoo ulikuwa mdogo kuliko wa mabango, na Kalamu alilijua hilo njia nzima. Iliuma. Alikuwa ameupenda mwandiko wake kuliko alivyopenda vitu vingi, na sasa ungebaki kwa maneno ya kwenye maboksi: juu, chini, kivunjikacho. Hata hivyo alipita duka la mtaani akanunua sukari, pakiti mbili. Alijaza kopo mpaka mfuniko ukakataa, ikabidi apunguze kwa kijiko. Alijaza jagi. Kisha akakaa akiitazama saa.

Ilifika saa nane. Hakuna mtu. Dakika ya kwanza aliinuka, ya pili akakaa. Ilipofika ya tatu mlango ukagongwa. Neno umechelewa lilimjia hadi kwenye meno, akalirudisha lilikotoka, akaenda kupokea mkoba.

Mkewe hakukaa. Alipita hadi jikoni na viatu vyake, akafungua kabati, akalitoa kopo la sukari bila kulifunua. Akaliweka karibu na sikio na kulitikisa. Debe shinda haliachi kutika, wahenga walisema, na kopo lile lilikuwa zito, halikutoa hata sauti.

"Haya," alisema. Akalirudisha kabatini, akaenda kuifunua cherehani.