Kiboko Amekuwa Rafiki

Mkurugenzi mpya wa kituo cha televisheni hakukawia kukata shauri. Kiboko wa katuni ya watoto asiwatishe tena.

"Watoto wanalia, wazazi wanazima," alisema. "Mfanyeni rafiki. Akipigiwa makofi, aje awabebe mgongoni."

Phelesia, aliyemtolea kiboko huyo sauti tangu mwanzo, alijaribu kumweleza. "Bosi, mimi ni wa Sori, kando ya ziwa. Kwetu kiboko ameacha wajane."

"Mama, hii ni katuni tu. Ama sauti nimpe mwingine?"

Basi akaingia studio, akamlainisha mnyama.

Katuni ilipendwa ajabu. Aliporudi Sori kusalimia, wauza omena, wale dagaa wa ziwani, walimwita Nyar Kiboko, binti kiboko, naye akacheka nao. Lakini nyumbani mjukuu wake Beverly hakuwepo.

"Ameenda ziwani na wenzake," mkaza mwanawe akasema, akipepeta mtama. "Siku hizi hawachoki kumwita huyo rafiki yako."

Phelesia alitupa mkoba akakimbia. Alisikia makofi kabla hajawaona. Watoto walikuwa majini hadi magotini, wakimwimbia, na penye magugumaji masikio mawili madogo yalikuwa yameibuka.

"Tokeni! Tokeni majini!" alipaza sauti yake nzito, ile ile ya katuni.

Hakuna aliyegeuka nyuma.

"Mmesikia?" Beverly aliwauliza wenzake kwa furaha. "Ni yeye! Ameitika!"

Wakashikana mikono, wakasogea mbele.