Nishani ya Kutogusa Breki

Nimefundisha watu kuendesha gari kwa miaka ishirini na miwili, na sijawahi kugonga hata ndoo. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu habari hii mke wangu ameshaisimulia kwa majirani wote kwa namna yake, na anapenda kutia chumvi. Wanafunzi wangu huniita Mwalimu Breki. Kwa muda mrefu nilidhani ni sifa.

Gari langu la kufundishia lina breki mbili. Moja ni ya mwanafunzi, ya pili iko chini ya mguu wangu, upande wa abiria. Zimeungana, kwa hiyo nikikanyaga yangu, na yake inashuka. Mwanafunzi akijisahau, namsaidia. Hiyo ndiyo kazi yangu, na naifanya vizuri.

Nyumbani tuna mashine ya gemu ya zamani, niliyoinunua binti yangu alipokuwa na miaka saba. Kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa kufungia vichupa vya dawa, na siku hizi inakubali gemu moja tu, ya ndege za kivita. Mnacheza wawili katika ndege moja: rubani anakaa mbele, mpiga bunduki nyuma, kila mmoja na padi yake ya vitufe mkononi. Mna nishani thelathini za kuwinda, kila moja na masharti yake. Pita chini ya daraja. Angusha ndege tano kwa risasi hamsini. Rudi kambini na injini moja. Tumeziwinda kwa miaka kumi na minne, kila Jumapili baada ya kula, yeye mbele, mimi nyuma. Ile ya daraja ilitumalizia likizo nzima, na siku tulipoipata alinirukia shingoni mpaka miwani yangu ikaanguka.

Ikabaki ya thelathini. Maliza safari ya mwisho, kuanzia kupaa hadi kutua, bila kugusa breki.

Hiyo tuliihangaikia miaka mitatu. Kila mara ndege inatua salama, tunangoja nishani, na skrini inaandika: Breki imetumika. Mimi namgeukia binti yangu, yeye ananigeukia mimi.

"Sikugusa, Baba."

"Sasa nani kagusa, jirani?"

Niliipeleka ile mashine kwa fundi mara mbili. Mara zote mbili alisema ni nzima, nikamwona fundi hajui kazi.

Sasa, mwezi uliopita binti yangu alipata kazi ya udereva wa gari la maabara, kukusanya sampuli za damu kutoka zahanati za mbali. Barua ilisema aripoti na leseni mwezi unapoanza. Mtihani wa leseni ulikuwa Ijumaa, na fomu ya mtihani ilitaka sahihi ya mwalimu aliyemfundisha. Mwalimu huyo ni mimi, nami nilikuwa nimeikataa ile fomu mara tatu.

Sikumwonea. Kila tulipotoka barabarani, gari lilikuwa likisimama kwa kishindo. Pikipiki ikitokea mita mia mbili mbele, tunasimama. Mtu akifungua geti lake, tunasimama. Siku moja tulisimama kwa ajili ya mfuko wa plastiki, na lori la nyuma yetu likatupigia honi mpaka nikaona aibu.

"Unakanyaga breki ovyo," nilimwambia. "Kwa mwendo huu hizo chupa za damu zitafika zimevunjika."

"Baba, pedali inashuka yenyewe chini ya mguu wangu."

"Pedali haishuki yenyewe, mwanangu. Gari halina mapepo."

Jumapili ile kabla ya mtihani, aliiweka fomu juu ya meza na kalamu pembeni yake.

"Tufanye hivi, Baba. Leo tukiipata ya thelathini, unasaini. Tusipoipata, sikuulizi tena. Nitawaandikia maabara watafute mtu mwingine."

Nilikubali upesi, na sikukubali kwa nia safi. Nilijua hawezi. Huyu na breki ni kama pete na kidole, nikajisemea. Mama yake alikuwa kwenye kochi akikunja nguo. Alinitupia lile jicho ninalolijua tangu uchumba, akaendelea kukunja.

Tukapaa. Lazima niseme siku hiyo aliruka vizuri. Alipita katikati ya milima bila kuyumba, nami nyuma nikaangusha ndege saba, ingawa hilo hakuna aliyelitaja baadaye. Akatua, ndege ikasimama. Skrini ikaandika: Breki imetumika.

"Umeona mwenyewe," nikasema, na mkono wangu ukaenda kwenye fomu.

"Baba, hebu nione kidole chako."

"Kidole gani?"

"Cha shahada. Cha mkono wa kushoto."

Kilikuwa cha zambarau mpaka kwenye ukucha. Ule ni wino wa muhuri wa ofisini kwangu, hautoki hata kwa sabuni ya unga. Asubuhi alikuwa ameupaka kwenye kitufe cha breki cha padi zote mbili, na kwa kuwa padi ni nyeusi, sikuona kitu. Akaninyooshea kidole chake. Kilikuwa safi.

"Kiti cha nyuma nacho kina breki," akasema. "Ni wewe, Baba. Miaka mitatu yote ni wewe."

Mke wangu alijifunika uso kwa shati langu. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nilijitetea, ndiyo. Nilisema wino hutembea. Nilisema huenda nilikigusa kitufe wakati wa kuiweka padi mezani. Niliendelea hivyo mpaka nikaishiwa maneno, na binti yangu akaningoja nimalize.

"Na kwenye gari ni hivyo hivyo," akasema. Hakufoka. Ningefurahi kama angefoka. "Nakwambia kila siku, hunisikii."

Nilikitazama kile kidole. Nikauona mfuko wa plastiki ukikatiza barabara, na mguu wangu ukienda chini bila kuniomba ruhusa. Kisha nikaona barabara ya zahanati, matope na malori, yeye peke yake kwenye usukani na kiti cha pembeni kitupu.

"Naogopa," nikamwambia. "Huko hakuna wa kukukanyagia."

"Najua, Baba. Hata mimi naogopa. Lakini sijawahi kuendesha hilo gari hata siku moja, tumekuwa tukiliendesha wawili."

Mama yake akaliweka shati chini, akamgeukia binti yetu.

"Mpe nafasi nyingine," akasema. "Na yeye ni mwanafunzi."

Tukarudia. Angani sikuwa na shida, kwa sababu adui ananishughulisha. Shida ilikuwa kutua. Ule uwanja ni mfupi, na mwisho wake pana matangi ya mafuta, mekundu, yamepangwa mstari. Binti yangu alipunguza moto mapema, magurudumu yakagusa chini, na matangi yakaanza kuja. Nikajikaza kisabuni. Kidole nilikinyoosha kikawa kimesimama kama cha mtu anayeomba ruhusa darasani. Mguu wa kulia nao ulilikanyaga zulia kwa nguvu zote, mpaka meza ikasogea na kalamu ikaanguka.

Zulia halina breki. Ndege ikaendelea kubingirika, ikapungua, ikapungua tena, ikasimama. Kati ya pua yake na tangi la kwanza ungeweza kuegesha baiskeli.

Nishani ikatokea. Ni kitu kidogo cha rangi ya shaba, hakizidi kifungo cha shati. Safari hii binti yangu hakunirukia shingoni. Aliinama, akaiokota kalamu, akanipa.

Nikasaini.

Ijumaa tulimsindikiza kwenye mtihani, yeye akiendesha. Sheria inataka mwenye leseni akae pembeni ya mwanafunzi, na mke wangu ana leseni aliyoipata kabla yangu, jambo ambalo hachoki kunikumbusha. Mimi nikaambiwa nikae nyuma. Sikuwahi kukaa nyuma katika gari langu, hata sikujua kwamba kiti kile kimechanika.

Kwenye njia panda lori likachomoza kutoka kulia. Mguu wangu ukakanyaga kapeti. Gari likapunguza mwendo, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe mezani, likasimama nyuma ya mstari mweupe. Maji kwenye chupa yangu hayakutikisika.

Nilichungulia miguu ya mke wangu. Alikuwa ameikunja kitini, anakula karanga.